Siku Alizowagawia Wafu

Ofisini walimwita Mwandiko, na jina hilo likamfuata mpaka nyumbani, mpaka kwa wakwe, hata mume wake akawa anamwita hivyo hivyo. Alilipata akiwa na miaka kumi na tisa, wiki ya kwanza tu ya kazi katika ofisi ya kuandikisha vizazi na vifo. Mkuu wa ofisi alikuwa bwana mmoja mnene ambaye makarani walimwita Mzee Muhuri, maana hakuna karatasi iliyompita bila kugongwa. Siku hiyo aliuinua ukurasa wa binti kwenye mwanga wa dirisha, akautazama kwa muda, akasema, "Huyu haandiki, huyu anashona." Basi ikawa ndiyo hivyo.

Vita vilikuwa vimeingia mwaka wa pili. Mbele kulikuwa na kaunta na benchi la wateja, na nyuma ya ukuta kulikuwa na chumba cha madaftari, chenye rafu za chuma zilizofika darini. Kila wilaya ilikuwa na rafu zake, na kila mwaka ulikuwa na daftari lake jekundu. Kila Jumatatu mjumbe wa jeshi alileta bahasha ya kaki, na ndani yake orodha iliyopigwa taipu: namba ya askari, jina, wilaya ya kwao, siku aliyokufa, mahali, sababu. Kazi ya Mwandiko ilikuwa kumhamisha kila marehemu kutoka kwenye orodha ile kwenda kwenye daftari la wilaya yake, ili ndugu wakija waweze kupewa cheti kama raia yeyote. Mwanzoni alikuwa akilitamka kila jina kimoyomoyo kabla ya kuliandika. Baada ya miezi sita alikuwa akiandika huku anapiga soga na mwenzake habari za viatu.

Mwezi wa saba ikaja orodha ambayo haikufanana na nyingine. Watu arobaini na watatu, wa kikosi kimoja, siku moja, kilima kimoja. Kwenye safu ya sababu mpigataipu alikuwa ameandika mara moja tu juu, kisha akashusha alama za kurudia mpaka chini ya ukurasa: "Mizinga, ya kwetu."

Mwandiko alidhani ni kosa. Akaipeleka kwa mkuu. Mzee Muhuri aliisoma, akaenda kufunga mlango, akarudi kukaa. Mezani alikuwa tayari na barua nyingine, yenye nembo, ambayo aliifunika kwa mkono.

"Hawa hawawezi kufa hivi," akasema.

"Lakini wameshakufa, Bwana Mkuu."

"Wamekufa, sawa. Ninachokwambia ni kwamba hawawezi kufa hivi, wote, kwa siku moja. Utawatawanya. Mwezi wa nne, wa tano na wa sita. Andika homa ya mapafu na homa ya matumbo, hospitali ya kambi."

"Tarehe nizitoe wapi?"

"Si una kichwa? Chagua. Zisifuatane tu. Barua za huko mbele zimezuiwa tangu mwezi wa tatu, hakuna mzazi atakayekuja na bahasha kutubishia."

Ilimchukua siku tatu. Kalenda ya kiwanda cha sabuni ilikuwa inaning'inia mbele yake, na Mwandiko akawa anaitazama, anachagua, anaandika. Ili asichanganyikiwe alijiwekea utaratibu: waliokuwa na namba witiri kwenye orodha aliwapa homa ya mapafu, wenye shufwa akawapa homa ya matumbo. Jumapili aliziruka zote. Hakujua kwa nini. Labda kwa sababu Jumapili ofisi ilikuwa imefungwa. Kijana mmoja wa namba kumi na saba alimpa tarehe tisa ya mwezi wa nne, kwa kuwa tarehe nane ilikuwa imeshapata watu wawili.

Kitu kimoja hakuweza kukigusa. Kila mstari wa daftari ulikuwa na namba iliyochapwa kiwandani, na pembeni yake siku ya kuandikishwa, na hiyo ilikuwa ya kweli. Alipomwambia mkuu, mkuu akacheka puani. "Nani husoma pale? Watu husoma jina, wanalia, wanaondoka." Kisha akampa ile orodha aende kuichoma kwenye pipa la taka uani. Mwandiko akaichoma, akakoroga majivu kwa kijiti, akanawa mikono, akaenda kula. Miaka mingi baadaye alikuwa akijitetea moyoni kwamba alikuwa binti mdogo tu, kazi ilikuwa ngumu kupatikana, wakati wenyewe ulikuwa wa vita. Yote hayo ni kweli. Ila hakuna aliyemshika mkono akamwandikisha.

Vita vilikwisha. Mwaka na nusu baadaye alikuja kaunta kijana mmoja fundi saa, mpole, mwenye vidole vyembamba, akitaka cheti cha kifo cha kaka yake. Mwandiko alipolisikia jina, alilitambua papo hapo. Namba kumi na saba. Akalifungua daftari, akanakili cheti, akapuliza wino ukauke. Fundi saa akakishika kwa ncha za vidole.

"Dada, kwa mwandiko huu hata kifo kinapata heshima," akasema.

Alirudi wiki iliyofuata bila shida yoyote ya cheti. Akarudi tena. Mwandiko alijua fika ni nyumba gani anaingia, na mara tatu alijiapiza kumweleza kabla ya ndoa. Mara ya kwanza mvua iliwakatisha, mara ya pili fundi saa alikuwa na furaha mno, mara ya tatu hakukuwa na kisingizio chochote, alinyamaza tu. Wakaoana, wakapata watoto.

Kaka mtu, ambaye sasa alikuwa shemeji asiyewahi kumwona, nyumbani walimwita Mrefu. Picha yake ilikuwa sebuleni juu ya redio, kichwa kimekatwa kidogo na fremu kwa urefu wake. Mama mkwe alikuwa mwanamke mkavu, mcheshi akiamua, hodari wa kufuma kwa sindano. Alimpenda mkwewe bila masharti, kila mgeni alimwambia, "Huyu sikumzaa, lakini ni wangu." Ila kila mwaka, tarehe tisa ya mwezi wa nne, mama huyo hakutia kitu kinywani mpaka jioni. Alikaa chini ya ile picha, akamtaka Mwandiko akae karibu yake, na kila mwaka alirudia habari ile ile.

"Barua yake ya mwisho ilikuja mwezi wa tatu. Akasema, mama, huku ni baridi, nifumie sweta. Nami nilikuwa na kazi za watu, nikasema nimalize kwanza. Nikaja kuipeleka posta mwezi wa tano, mwanangu. Mwezi wa tano! Kumbe mtoto keshazikwa. Nilimfumia maiti." Akavuta pumzi. "Baridi ilimwingia kifuani mimi nikiwa nimekaa hapa na nyuzi za watu mapajani. Homa ya mapafu. Nani mwingine aliyemuua?"

"Usiseme hivyo, Mama," Mwandiko alikuwa akijibu, kila mwaka, akimpapasa mgongo.

Miaka thelathini na moja ilipita hivyo. Mzee Muhuri alikufa kwa moyo, akaandikishwa vizuri, siku yake halisi na sababu yake halisi. Mwandiko akapanda cheo, akawa msimamizi wa chumba cha madaftari, funguo zote kiunoni. Ndipo ikatangazwa kwamba utajengwa ukuta wa mawe katikati ya mji, na juu yake yatachongwa majina ya wote waliouawa vitani. Familia zipeleke vyeti.

Mama mkwe wakati huo alikuwa amekaribia miaka themanini na alitembelea mkongojo. Akavaa nguo yake nzuri, akakunja cheti kwenye leso, akamwambia Mwandiko ampeleke. Kwenye dawati la kamati alikuwa amekaa mwanamke mwenye miwani, si mkorofi, amechoka tu. Akasoma, akakirudisha.

"Bibi, samahani sana. Ukuta ni wa waliouawa kwenye mapigano. Wako alikufa kwa ugonjwa, hospitali."

"Lakini alikuwa vitani."

"Alikuwa vitani, Bibi, lakini aliuawa na homa."

Walipofika nyumbani mama mkwe akakaa ukingoni mwa kitanda, leso bado mkononi. "Kwa hiyo," akasema taratibu, "homa niliyomtia mimi ndiyo inayomnyima hata jina."

Mwandiko alitoka akaenda kusimama jikoni, ameshika ukingo wa meza. Siku hiyo alikata shauri.

Kuwatafuta hakukuwa kazi ngumu. Hilo ndilo lililomuumiza zaidi. Kila mchana wenzake walipokwenda kula, alijifungia na madaftari. Hakufuata siku za vifo, maana hizo alizitunga mwenyewe. Alifuata safu ile isiyosomwa, siku ya kuandikishwa, zile siku tatu za mwezi wa saba. Wilaya kwa wilaya, zilikuwa kumi na moja, alifungua ukurasa na kukutana na wino wa zambarau na mwandiko wake wa ujana, mzuri, uliotulia, mwandiko wa mtu asiye na hili wala lile. Kando yake wafu wa kawaida wa wiki hiyo: mtoto wa surua, bibi wa uzee, mtu aliyeanguka kutoka juu ya paa. Na katikati yao, askari aliyekufa miezi mitatu nyuma, hospitali ya kambi.

Alipata arobaini na mmoja. Wawili waliobaki walikuwa wa wilaya ambayo daftari lake lilitafunwa na mchwa. Alipoligusa liliporomoka kama mkate mkavu. Wale arobaini na mmoja aliwanakili kwenye daftari la shule, kisha akawapanga kwa namba zao za jeshi, kama walivyokuwa kwenye ile orodha. Akaona kazi yake yote kwa mpigo mmoja. Mapafu, matumbo, mapafu, matumbo, zikipokezana toka juu mpaka chini. Kwenye zile nafasi mbili tupu ungeweza kujaza mwenyewe bila kuuliza.

Akalipeleka daftari lile kwa mwanasheria wa ofisi, kijana wa tai iliyokazwa, mwenye adabu. Pamoja nalo alipeleka hati ya kiapo aliyoiandika mwenyewe.

"Mama, unaelewa unachotaka kusaini?"

"Naelewa. Nimeiandika mimi."

"Unakiri kwamba ulighushi kumbukumbu arobaini na tatu."

"Ndiyo."

"Kwa amri ya nani?"

"Mkuu wangu. Ni marehemu."

"Barua ya amri?"

"Alibaki nayo."

"Na orodha ya jeshi?"

"Niliichoma."

Kijana akaweka kalamu chini. "Kwa hiyo ushahidi wote ni wewe."

"Mimi na madaftari. Tazama hizo siku za kuandikishwa. Tazama homa zinavyopishana. Maradhi gani yanayojua kuhesabu moja, mbili, moja, mbili?"

Akatazama. Mwandiko aliona kabisa kwamba ameona. Kijana alikuna shavu, akalifunga daftari la shule polepole. "Mama, mimi nakuamini. Lakini madaftari yanasema homa."

Jibu lilichukua miezi minne, na lilikuwa la ukurasa mmoja. Kumbukumbu za serikali huchukuliwa kuwa sahihi mpaka ushahidi wa kuaminika uthibitishe vinginevyo. Shahidi pekee ni mtu ambaye kwa kiapo chake mwenyewe anajitaja kuwa mghushi, na neno la mghushi haliwezi kutegemewa. Maombi yamekataliwa. Aya ya pili ilimwarifu kwamba, kutokana na aliyoyakiri, anastaafishwa kwa manufaa ya umma, akabidhi funguo siku hiyo hiyo. Mwandiko aliisoma mara mbili akiwa amesimama. Alipotaka kuficha neno lake lilitosha kuwazika watu arobaini na watatu, na leo alipotaka kuwafufua halikutosha hata kwa mmoja. Na si tu halikutosha. Kwa kujitaja mwongo ndipo uongo wake ulipopigwa muhuri wa mwisho. Alifungua funguo kiunoni, akaziweka mezani. Hakuna aliyemuaga, isipokuwa mfagizi, aliyemuuliza kama anaumwa.

Nyumbani alimkuta mume wake ameinamia saa, kioo cha kukuzia jichoni. Akamweleza yote, toka kalenda ya sabuni mpaka barua aliyokuwa nayo mkononi. Fundi saa hakukitoa kile kioo.

"Ile siku nilipokuja kaunta," akasema. "Ulijua?"

"Nilijua."

"Ukanipulizia wino."

"Ndiyo."

"Umenyamaza miaka thelathini na moja," akasema, sasa amemtazama. "Ungeshindwa nini kumalizia? Mama amebakiza mingapi?"

"Anafikiri alimuua yeye."

Fundi saa alifumba macho. "Basi kamwambie wewe. Mimi sina mdomo huo."

Akamkuta mama mkwe dirishani, jua la asubuhi ya pili likimpiga magotini. Mwandiko alikaa sakafuni, si kwenye kiti, akasema bila kupunguza wala kujipamba. Mizinga. Ya kwao wenyewe. Wote pamoja, siku moja. Homa hakuna, hospitali hakuna. Homa niliiandika mimi, Mama, kwa kuwa namba yake ilikuwa kumi na saba.

Mama mkwe alisikiliza hadi mwisho. Mkono wake ulikuwa ukisugua kichwa cha mkongojo, unazunguka, unazunguka.

"Homa ya mapafu hakuwa nayo," akasema.

"Hakuwa nayo."

"Na mwezi wa nne hakufa."

"Hakufa, Mama. Mwezi wa nne alikuwa hai. Wa tano pia."

Uso wa yule mzee ulifunguka ghafla, ukawa kama wa msichana, na Mwandiko hakuweza kuutazama. "Sweta niliipeleka posta mwezi wa tano. Haikurudi. Kwa hiyo aliivaa?"

"Sijui, Mama. Inawezekana."

"Inawezekana," mama mkwe akarudia, kwa sauti ya chini. Kisha akainua kichwa. "Basi niambie siku yenyewe. Alikufa lini?"

Tarehe alizozitunga Mwandiko alizijua zote. Angeweza kuzitaja akiwa usingizini, nani alipewa ipi, ipi ilikuwa Alhamisi, ipi aliifuta akaibadilisha. Lakini ile moja ya kweli, iliyokuwa imepigwa taipu juu kabisa ya ukurasa, ilikuwa moja kwa wote, hakukuwa na haja ya kuikariri. Aliisoma mara moja au mbili akaichoma. Mwishoni mwa mwezi wa sita. Au mwanzoni mwa wa saba. Alikuwa ameitafuta kichwani kwa miezi tisa, asiipate.

"Siikumbuki," akasema.

Mama mkwe aliacha kuusugua mkongojo. Hakupiga kelele, na wala hakulia.

"Miaka yote hii nimekaa na njaa kwenye siku yako," akasema. "Na wewe umekaa kando yangu unanipapasa mgongo. Siku ya mwanangu umeitupa, ukanipa ya kwako. Nipishe nisimame."

Mwandiko akampa mkono. Mama mkwe akausukuma pembeni, akasimama kwa mkongojo wake, akamwita mwanawe amfungie nguo. Kabla ya adhuhuri alikuwa amehamia kwa binti yake, mitaa minne mbele. Picha ya Mrefu aliibeba mwenyewe kifuani, hakukubali kusaidiwa.

Ukuta ulijengwa, ukazinduliwa kwa tarumbeta. Mwandiko hakwenda. Alikuwa mezani kwake akiandika barua arobaini, moja kwa kila familia nyingine aliyoipata kwa anwani za kwenye madaftari: mtu wenu hakufa kwa homa, hakufa siku mliyoambiwa, aliyewadanganya ni mimi. Nyingi zilirudi zimeandikwa "amehama" au "hayupo". Majibu yalikuwa saba. Mmoja alimshukuru kwa mistari miwili. Wawili walimlaani kwa kurasa. Mzee mmoja aliuliza kama kweli walikufa papo hapo, na hilo nalo Mwandiko hakulijua. Mjane mmoja, mwenye herufi kubwa kubwa za mtu aliyejifunza kuandika ukubwani, alimwandikia hivi: mume wangu nimeshamzika mara moja, nguvu ya kumzika tena sina, tuachie siku yetu tulivyoizoea, na usiniandikie tena. Barua hiyo Mwandiko hakuijibu. Ndiyo pekee aliyoiona kuwa na haki kamili.

Fundi saa hakumwacha. Walikula pamoja, walilala pamoja, waliulizana kama mlango umefungwa. Jina la Mwandiko tu ndilo lililotoweka mdomoni mwake. Sasa alimwita "mama watoto", kama mtu anayemtaja jirani.

Kila Jumamosi Mwandiko alikwenda ile mitaa minne, akabisha hodi kwa wifi yake. Mama mkwe hakumkatalia mlango hata siku moja. Alimwonyesha kiti, akamuuliza habari za njiani, akaagiza aletewe maji ya kunywa, yote kwa adabu isiyo na kasoro. Mwanamke yule aliyekuwa akiambia dunia nzima kwamba huyu ni wangu, sasa aliposikia hodi yake alijibu kutoka ndani, taratibu, kila Jumamosi, mpaka alipokufa:

"Karibu, mgeni."